Chapati Thelathini na Sita, Mayai Ishirini na Manne

Selipher Minayo nimemjua tangu hajui hata chumvi inaitwaje kwa Kiarabu. Siku hizi akibishana na mwenye duka la mboga, ninayemwonea huruma ni mwenye duka. Ni mwanamke wa Chavakali, magharibi mwa Kenya, mrefu, mabega mapana, na kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Mimi ni mtu wa pwani, wa Likoni, kwa hivyo Kiswahili chake nimekicheka miaka yote, naye hunijibu kwamba mimi huongea kama mtu aliyetoka kuamka. Huo ndio urafiki wetu.

Tulikutana hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah, katika jengo ambalo nilikuwa nikifagia ngazi zake. Yeye alikuwa ghorofa ya pili akimtunza bibi mmoja mgonjwa. Bibi alipofariki, binti yake aliyeolewa Riyadh akamchukua Selipher, ikama, kile kibali cha kukaa nchini, ikahamishiwa kwa mume wa huyo binti, halas, ikawa basi, rafiki yangu akaenda kuishi Al-Suwaidi, hukohuko Riyadh, na mimi nikabaki na ngazi zangu. Tangu hapo tukawa watu wa simu.

Sasa, ukitaka kumjua Selipher, lazima uijue habari ya sabini na mbili. Kila rafiki yake amesimuliwa. Alikuwa darasa la sita, na mwalimu wa hesabu alikuwa akifundisha kigawo kikubwa cha shirika, ambacho wao shuleni walikiita GCD. Mwalimu akaandika ubaoni ishirini na nne, kando yake akaandika thelathini na sita, akamwita Selipher mbele. Selipher akafikiri: huyu amesema kikubwa, na kitu kikubwa hakiwezi kuwa kidogo kuliko namba hizi mbili. Akahangaika na chaki mpaka akaipata sabini na mbili, ambayo zote mbili zinaingia ndani yake sawasawa, akaiandika kwa majivuno. Darasa likacheka. Akachapwa viganja, akarudi kukaa bila kuambiwa amekosea wapi. Muhula huohuo mama yake akamtoa shuleni, akapelekwa Kisumu kulea mtoto wa watu. Kumbukumbu yake ya mwisho ya shule ikawa hiyo sabini na mbili, na mpaka mwaka huu alikuwa hajui kosa lake.

Ndiyo maana alipomzaa Valary alisema huyu atasoma mpaka mwalimu achoke. Baba wa mtoto aliondoka mapema na simtaji hapa, maana hana faida kwa mtu. Selipher alikuja Saudia kwa jambo moja tu, Valary akae darasani. Wenzake wakizungumza habari za ploti na mabati, yeye huzungumza sare, vitabu na viatu vya shule, mpaka wengine humkimbia. Mimi sikumkimbia, lakini kuna siku niliwahi kumwambia apumzike.

Valary alikuwa akiishi na nyanya yake. Nyanya akafariki mwaka uleule Selipher alipohamia Riyadh, miaka miwili iliyopita, na mtoto akachukuliwa na Roseline, mdogo wake Selipher, mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara hapo Chavakali. Roseline nimemwona kwa simu tu. Ana sauti tamu na humwita kila mtu "my dear", na mimi mtu anayeniita hivyo kabla hatujajuana huwa namchunga. Nilimwambia Selipher hivyo. Akanijibu, "Mama Rukia, huyo ni damu yangu. Tumenyonya titi moja." Nikaliacha hapo. Rukia wangu alishaolewa siku nyingi, mambo ya watoto wa shule niliyaacha zamani.

Kule Al-Suwaidi kazi haina mwisho, lakini Ijumaa asubuhi nyumba nzima hulala mpaka karibu na swala. Huo ndio ulikuwa muda wa Selipher. Alijifungia katika chumba chake kidogo kando ya mashine ya kufulia, na saa nne akapiga simu nyumbani. Roseline alipokea, akasema, "Ngoja nikuitie," na baada ya kitambo Valary akatokea kwenye kioo amevaa sweta yake ya shule ya rangi ya maruni, akihema kidogo. Walizungumza habari za kanisani, za paka, za jino lililong'oka. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Selipher alinisimulia kwa furaha, "Hata siku ya mapumziko sweta haitoki mwilini. Huyu shule imemwingia." Na mimi niliitikia kwa moyo mmoja.

Mwajiri wake ana binti anaitwa Retaj, rika moja na Valary. Retaj hufanyia kazi zake za shule jikoni, kwa sababu kaka zake hawamwachi apumue huko sebuleni. Jumamosi moja alasiri alikuja na sahani ya tende na pakiti za biskuti, akamwaga zote mezani, palepale Selipher alipokuwa akikata bamia. Mwalimu alikuwa amewapa swali la mifuko ya zawadi. Tende ishirini na nne, biskuti thelathini na sita, mifuko yote iwe sawa, iwe mingi kadiri inavyowezekana, pasibaki kitu.

Selipher aliposikia namba hizo, kisu kilisimama. Walimu wa dunia nzima nadhani hutumia kitabu kimoja.

"Sabini na mbili," akasema, kwa Kiarabu chake cha jikoni.

Retaj akamtazama vizuri. "Mifuko sabini na mbili, Selifa? Na tende ni ishirini na nne? Utazikata?"

Selipher aliniambia hapo alicheka mwenyewe mpaka bamia zikaanguka. Baada ya miaka yote hiyo, mtoto mwenye umri wa mwanawe ndiye aliyemwonyesha kosa lake bila kumchapa. Wakaanza kujaribu. Mifuko minane: tende zikakubali, tatu tatu, lakini biskuti nne zikabaki mezani. Mifuko tisa: biskuti zikakubali, tende zikakataa. Kisha Retaj akaandika kwa safu mbili. Juu vigawo vya ishirini na nne, yaani kila namba inayoigawa bila kubakisha: moja, mbili, tatu, nne, sita, nane, kumi na mbili, ishirini na nne. Chini vya thelathini na sita: moja, mbili, tatu, nne, sita, tisa, kumi na mbili, kumi na nane, thelathini na sita. Akapiga duara kila namba iliyokuwa juu na chini.

"Hizi ni mushtarak," akasema. "Zangu na zako. Ya kwangu peke yangu, kama nane, haihesabiwi. Ya kwako peke yako, kama tisa, haihesabiwi. Sasa katika zile zetu sote, kubwa ni ipi?"

Kubwa ilikuwa kumi na mbili. Mifuko kumi na miwili, kila mmoja tende mbili na biskuti tatu, na mezani mafi, hakukubaki kitu. Selipher akakaa chini. Kumbe kile kikubwa hakikuwa kikubwa kuliko namba zenyewe. Kilikuwa kikubwa miongoni mwa vile ambavyo pande zote mbili zimevikubali. Alinitumia ujumbe wa sauti akicheka na kulia pamoja, akasema, "Mama Rukia, si ningeambiwa tu hivyo?" Na papo hapo akaanza kupanga atakavyomfundisha Valary, ambaye kwa hesabu yake alikuwa Gredi ya Tano na karibu atafika mada hiyo. Hakutaka mwanawe aitwe mbele ya ubao kabla hajaijua.

Wiki mbili hivi baadaye, shule za huku zikafunga kidogo na familia ikaja Jeddah kwa jamaa za madam. Nyumba ile ina wafanyakazi wake, kwa hiyo madam akamwambia Selipher, "Yalla, nenda kwa rafiki yako, urudi Jumamosi kabla ya adhuhuri." Sikumbuki lini nilifurahi vile. Ijumaa asubuhi nilipika mahamri na mbaazi, tukakaa chini chumbani kwangu, Selipher akasimamisha simu kwenye birika ili mikono yake iwe huru kufundishia. Saa nne akapiga. Roseline akasema, "Ngoja nikuitie, my dear," na Valary akatokea na sweta yake, akihema.

"Vale, leo mimi ndio teacher," Selipher akasema.

"Sawa, mum."

"Sikiza. Uko na chapati thelathini na sita na mayai ishirini na manne. Unataka kupanga sahani zifanane zote, na zikuwe nyingi vile zinaweza. Kusibaki kitu. Usiogope, nitakuonyesha pole pole..."

"Kumi na mbili," Valary akasema. "Chapati tatu tatu, mayai mawili mawili."

Selipher akanigeukia. Uso wake siwezi kuusahau. Akanishika goti kwa nguvu mpaka nikaumia. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele kidogo, kwa nini nifiche.

"Nani amekufundisha?" akauliza. "Teacher amefika hapo?"

"Si teacher, mum. Nimezoea kupanga. Wale watu wa mjengo, wenye wanajenga huko mbele, wakiongezeka tunapunguza yai, lakini sahani zikikosa kufanana wanagombana. Kila siku saa nne mimi ndio huwapelekea."

"Kila siku?"

"Eeh. Hata saa hii ndoo iko tayari."

Nyuma yake Roseline akaita, "Vale, chai inapoa," na simu ikakatika.

Selipher alikuwa bado anatabasamu. Akasema mtoto ana kichwa, amekipata kwa nyanya yake, kwake yeye hakikupita. Nikamuuliza, kwa kuuliza tu, ile kila siku ni ipi. Akasema ni siku za mapumziko, kama leo, anamsaidia auntie yake. Akachukua hamri, akalivunja, akaliweka. Kisha nikamwona anahesabu kwa vidole, mkono wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, anarudia. Nikadhani bado anacheza na hesabu za Retaj.

"Za hapa ni Ijumaa na Jumamosi," akasema polepole. "Za nyumbani ni Jumamosi na Jumapili." Akazilaza Jumamosi mbili pamoja, kidole juu ya kidole. "Mushtarak ni Jumamosi peke yake."

"Una maana gani?"

"Mama Rukia, leo nyumbani ni siku ya shule."

Wewe uliye nyumbani utashangaa, utasema mtu mzima anasahauje Ijumaa ni siku gani. Njoo ukae huku. Ijumaa maduka yamefungwa asubuhi, mitaa imenyamaza, hakuna anayekutuma. Selipher ni Mkristo, na hata yeye na wenzake husali Ijumaa kwa simu, kwa sababu Jumapili wana kazi. Miaka ikipita, mwili unajua Ijumaa ni siku ya kupumzika, na kichwa kinaufuata mwili. Alikuwa amepiga simu Ijumaa baada ya Ijumaa, saa nne asubuhi, saa ambayo kila mtoto wa Gredi ya Tano wa Kenya yuko kwenye dawati, na kila mara mtoto alikuwepo, naye akashukuru kwamba anampata kwa urahisi.

"Ile sweta," akasema.

Sikuhitaji kuelezwa. Roseline aliyekuwa Kenya alijua vizuri leo ni siku gani. Sweta ilikuwa jibu tayari, kwamba mtoto amekuja mara moja kunywa chai ya saa nne na anarudi darasani. Alikuwa ameliandaa jibu la swali ambalo dada yake hakuwahi kuuliza. Niliona hasira inanipanda hadi masikioni, na ningekuwa Chavakali siku hiyo, sufuria yake ya ndengu ningeimwaga barabarani.

Selipher akapiga tena. Mara ya tatu ndipo Roseline alipopokea. Alipoulizwa, hakukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"My dear, usianze," akasema. "Huyo mtoto alikuwa wa mwisho darasani. Nani alikuwa anisaidie hapa? Anakula, analala, hakuna mtu anamchapa. Kazi anafanya ni ileile wewe unafanya huko, na yeye yuko kwa watu wake."

"Nilikuambia unisomeshee yeye."

"Si wewe ulitoka class six? Ulikufa?"

Nilimtazama Selipher, nikingoja ile sauti inayowatoa jasho wenye maduka. Haikuja. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

"Tangu tuzike mama."

Hapo akaikata simu mwenyewe. Akampigia kaka yao, Elijah, ambaye ni mlinzi hapo Mbale, karibu na Chavakali. Elijah alimsikiliza, akakohoa kabla ya kujibu, na kikohozi kile Selipher alikielewa. Elijah naye alijua. Kanisa lilijua, majirani walijua, watu wa mjengo walioletewa sahani walijua. Hakukuwa na mtu Chavakali ambaye hakumwona Valary na ndoo yake saa nne, ila mama yake peke yake. Selipher hakumlaumu Elijah, alimwambia tu aende leo hii amchukue mtoto, na Elijah, kwa aibu nadhani, alikwenda.

Mchana ule hatukula. Selipher alilala ubavu ameutazama ukuta, na mimi nilimkanda miguu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Mara moja tu alisema, "Mtu akikuibia kitu unaenda kuripoti. Huyu ameniibia mtoto na mtoto yupo." 

Jumamosi asubuhi, kabla hajarudi kwa madam, tulipiga nyumbani kwa Elijah. Selipher alikuwa ameoga, amefunga kitambaa kichwani vizuri, na alikuwa na jambo moja la kufurahia, kwamba sasa mtoto ametoka kule na ukweli uko wazi. Valary akatokea kwenye kioo. Hakuwa na sweta. Alikuwa na gauni lililombana mabegani, na kwa mara ya kwanza nikaona vidole vyake, vyenye alama za mafuta ya moto.

"Vale," Selipher akasema, "kwa nini hukuniambia?"

Valary akatazama pembeni. "Nilidhani unajua."

"Ningejuaje mimi?"

"Auntie alisema ni wewe umeamua nitoke shule kidogo."

"Na sweta?"

"Alisema ni ya marafiki zako, wakiniona kwa simu usiaibike." Akajikuna mkono. "Mimi nilimwambia mum hawezi kusema hivyo. Akaniambia basi nitaona mwenyewe. Akasema, wenzako wako class Ijumaa saa nne, na hiyo saa ndiyo mum hupiga. Angetaka ukuwe shule, angekupigia hiyo saa?"

Selipher akaishika simu kwa mikono miwili. Nilitaka kumsaidia, nimweleze yule mtoto habari za Ijumaa ya huku na Ijumaa ya kule, na Jumamosi iliyo yetu sote, lakini nani angeyaeleza hayo kwa mtoto aliyesubiri miaka miwili.

"Kila wiki nilikuwa naomba usipige," Valary akasema. "Ukikosa kupiga, ningejua Auntie ni mwongo."

Chini dereva wa madam alikuwa ameshafika, anapiga honi. Selipher alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikakifunika kioo, akamwambia Jumatatu Uncle Elijah atampeleka shule mpya, na kwamba yeye mama yake hakujua, hakujua kabisa.

"Sawa, mum," Valary akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia siku za Ijumaa.